Ekzosi ya kujitengenezea kwa hela kidogo: upana wa bomba, sailensa na uchomeleaji

Swali la msomaji: "Gari langu ni dogo, injini ya petroli lita 1.8, silinda nne, nguvu farasi 130 hivi, linavuta kwa magurudumu ya mbele. Sailensa ya nyuma imeoza na bomba lake limetoboka mahali pawili. Nina mashine ndogo ya kuchomelea kwa vijiti na grenda. Nataka kujitengenezea ekzosi, iwe na mlio mzito kidogo, na ikiwezekana gari liongezeke nguvu. Nimeshauriwa nipitishe bomba la inchi 2.5 mwanzo hadi mwisho, nitoe masega (kisafisha moshi, yaani katalisti) na sailensa ya kati. Hela yangu si nyingi. Nianzie wapi?"

Jibu: Ndugu, ushauri huo utakumalizia hela mahali pasipo na faida. Kwa injini kama yako, hela ziende kwenye sailensa nzuri na kona zisizobonyea. Bomba libaki la upana wa kiasi, masega yabaki yalipo, na kila kipande cha zamani ambacho bado kizima kitumike tena. Ekzosi za kujitengenezea huharibika kwa vipimo vya ovyo na viungo vinavyovuja. Zinazoharibika kwa sababu bomba lilikuwa jembamba ni za kuhesabu.

Kabla hujanunua hata bolti moja, pima kama kuna kinachobana. Fungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, na mahali pake funga geji ya presha yenye mrija wa chuma. Injini ikishapata moto, iache iungurume bila kukanyaga mafuta: geji isizidi kilopaskali 10, yaani psi 1.5 hivi. Panda hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na uishikilie hapo: isizidi kilopaskali 20. Ikizidi, legeza flanji (bamba la kuungia mabomba kwa bolti) ya nyuma ya masega na upime tena. Presha ikishuka, kizuizi kiko nyuma, mara nyingi ni bati la ndani ya sailensa lililokatika likaziba njia. Isiposhuka, masega ndiyo yameyeyuka au kuvunjika. Na kama vipimo vyote ni vizuri tangu mwanzo, basi ujue mapema kwamba ekzosi mpya ya nyuma itakupa farasi wachache tu. Ubora wake utausikia masikioni kuliko mguuni.

Masega mazima hayabani kiasi cha kustahili kutolewa. Ukiyatoa, taa ya injini itawaka kwa sababu sensa ya nyuma haioni kazi yao, moshi utanuka, kelele itazidi, na katika nchi nyingi gari halitapita ukaguzi. Kwa hiyo mpaka wa kazi yako ni flanji iliyo nyuma ya masega. Mbele yake usiguse kitu, isipokuwa kile kipande chenye wavu kinachojikunja, ambacho ukikikuta kimechanika lazima kibadilishwe. Injini iliyolazwa kwa upana wa gari hujitikisa mbele na nyuma kila unapokanyaga mafuta, na kipande hicho ndicho kinachomeza mtikisiko huo. Bila chenyewe, flanji ya kwanza hupasuka hata kama umechomelea vizuri namna gani.

Sasa upana. Bomba la ekzosi hupimwa kwa kipenyo cha nje. La inchi 2 lenye unene wa milimita 1.5 lina nafasi ya ndani ya sentimita za mraba 18 hivi, la inchi 2.25 lina 23, na la inchi 2.5 lina karibu 29. Hiyo nusu inchi unayoiona ndogo inaongeza njia kwa asilimia 60. Mafundi wana hesabu ya kukadiria: kila inchi ya mraba ya nafasi ya ndani hupitisha futi za ujazo 115 za gesi kwa dakika bila kubana sana, na kila nguvu farasi moja huhitaji futi za ujazo 2.2. Bomba la inchi 2 lina inchi za mraba 2.78 ndani yake. Zidisha kwa 115, gawanya kwa 2.2, unapata farasi 145. Injini yako inapita humo na chenji inabaki. Ukitaka nafasi ya ziada, la 2.25 linafika farasi 185. Zaidi ya hapo unanunua uzito, mlio unaopiga kichwa, na usumbufu wa kulipitisha bomba juu ya ekseli ya nyuma.

Kuna mtego mmoja wa bei rahisi: bomba la maji. Likiitwa "la inchi 2", hiyo inchi 2 ni jina la njia ya ndani. Kwa nje lina milimita 60.3, na unene wake unafika milimita 3.6. Mita moja ina uzito wa kilo 5 hivi, wakati bomba la ekzosi la inchi 2 lina kilo 1.8. Kwa mita tatu umening'iniza kilo 15 badala ya 5 na nusu, na raba zinazoning'iniza ekzosi zitakatika moja baada ya nyingine. Kona zake nazo ni kali mno. Tena mengi yamepakwa zinki, na zinki ikiunguzwa na weldingi hutoa moshi mweupe unaoleta homa, baridi na kutetemeka saa chache baadaye. Ukilazimika kuchomelea chuma chenye zinki, isage kwanza sentimita tatu kila upande, ndani na nje, na ufanye kazi penye upepo.

Chagua bomba la chuma lililopakwa aluminiamu, unene wa milimita 1.5. Likikosekana, chuma cha kawaida kinatosha, ila kitakufa mapema zaidi. La milimita 1.2 liache, kwa mashine ya vijiti litakutoboka mkononi. Stenlesi ni nzuri lakini si ya mashine yako: hutanuka sana ikipata joto, hupinda wakati wa kuchomelea, na upande wa ndani wa kiungo huungua ukawa kama sukari iliyoganda usipojazwa gesi ya agoni. Ukipata sailensa ya stenlesi iliyotumika na bado nzima, hiyo chukua. Kuiunga na chuma cha kawaida kunataka vijiti vya 309L. Kuijua kwa sumaku ni nusu ya ukweli. Stenlesi ya daraja la 304 kwa kawaida haishiki sumaku, lakini ya 409, ambayo ndiyo hutumika sana kwenye ekzosi za kiwandani, inashika.

Kwa gari lako orodha inakuwa hivi: mita 3 za bomba la inchi 2 lililonyooka, kona mbili za U za nyuzi 180, zilizokunjwa kwa mashine yenye kishikizo cha ndani ili bomba lisibonyee, sailensa moja ya njia iliyonyooka yenye bomba la matundu na nyuzi za kunyonya sauti, mwili wake uwe na urefu wa sentimita 40 hadi 50, rezoneta, yaani sailensa ya kati, ya sentimita 30 kama ya zamani imeoza, flanji jozi mbili za unene wa milimita 8 au 10, na gasketi zake, bolti sita za M10 daraja la 8.8 zenye nati za kujifunga za chuma tupu, maana zenye plastiki ndani huyeyuka; nondo laini ya milimita 10 ya kutengenezea masikio ya kuning'inizia, mita moja na nusu; raba nne mpya; diski tano za kukatia za unene wa milimita 1; nusu kilo ya vijiti vya E6013 vya milimita 2.0, na rangi ya kuhimili nyuzi joto 600. Flanji za milimita 5 usizichukue hata zikiwa za bure. Zikipata joto la weldingi hupinda kama sahani, na gasketi haiwezi kuziba pengo hilo.

Kona za U ndizo zinazookoa hela, kwa sababu kutoka kwenye moja unakata pembe yoyote unayoitaka badala ya kununua kona za nyuzi 30, 45 na 60 kila moja peke yake. Kona ya inchi 2 yenye mzingo wa kawaida ina nusu kipenyo cha milimita 76 kupitia katikati ya bomba. Hapo kila nyuzi moja ni milimita 1.77 upande wa nje na milimita 0.89 upande wa ndani. Ukitaka nyuzi 30, pima milimita 53 mgongoni na 27 tumboni, unganisha alama hizo kwa kuzungusha utepe wa karatasi, kisha kata. Mkato lazima uelekee kitovu cha mzingo. Ukienda upande, mdomo utatoka wenye umbo la yai na hautakaa kwenye bomba la mviringo hata uusage siku nzima. Kwa bomba lililonyooka, funga klampu ya mpira wa rejeta kuzunguka bomba na ufuate ukingo wake. Mkato utatoka mraba bila kubahatisha.

Kona zilizokunjwa na mashine ya kubonyeza tu, zile zenye mikunjo tumboni, ni rahisi na zinapatikana upesi. Tatizo lake ni kwamba njia inabanwa pale pale kwenye kona, na bomba la inchi 2 linaanza kufanya kazi kama jembamba zaidi. Moja yenye mkunjo mdogo haina neno. Zikiwa nne mfululizo, umejijengea kizuizi ulichokuwa unakikimbia.

Kabla ya kuingia chini ya gari: jeki si stendi. Simamisha gari kwenye rampu imara au stendi, na yawekee magurudumu kabari. Ni vizuri zaidi uzito wa gari uwe juu ya magurudumu yake, kwa sababu ekseli ikining'inia unapima nafasi ambayo barabarani haipo. Fungua waya wa hasi wa betri. Athi ya mashine ibane kwenye bomba lenyewe, karibu na unapochomelea, kamwe isiwe kwenye bodi au injini. Umeme unaotafuta njia yake kupitia beringi na kompyuta ya gari huacha gharama kubwa kuliko ekzosi yote. Bomba usilisafishe kwa spirei ya kusafishia breki kisha ukachomelea: zile zenye klorini zikipata joto hilo hutoa gesi ya fosjini, ambayo ni sumu ya kuua. Futa mafuta kwa asetoni, acha ikauke kabisa, na weka chombo mbali. Kizima moto kiwe karibu na mkono.

Kupanga njia ndiko kunakotaka muda, na usikuharakishe. Chukua waya wa chuma wa milimita 4, uukunje kufuata njia ya bomba la zamani kuanzia flanji ya masega hadi bampa. Kisha weka sehemu mbili ambazo hazihami: flanji ya mbele, na sailensa ikiwa imening'inia kwenye raba zake pale inapotakiwa kukaa. Vilivyo katikati vijazie hizo mbili. Wanaoanza mbele na kuongeza kipande baada ya kipande hujikuta sailensa imeishia sentimita nne upande wa pili wa bampa.

Acha milimita 25 kati ya bomba na bodi, na milimita 50 au zaidi kutoka kwenye mabomba ya mafuta, mpira wa breki na tangi la plastiki, na hapo rudisha bati la kuzuia joto kama lilikuwepo. Juu ya ekseli, pima umbali kati ya mpira wa kizuizi cha springi na mahali unapogonga, ongeza milimita 20: hiyo ndiyo nafasi ambayo bomba linahitaji kuwa nayo juu ya ekseli. Kumbuka pia kwamba chuma hurefuka. Mita tatu za chuma cha kawaida zikiongezeka nyuzi joto 300 hurefuka kwa milimita 11 hivi, na hiyo inatosha kulifanya bomba lililopita vizuri asubuhi liguse boriti mchana. Urefu huo unaelekea nyuma, kwa hiyo masikio ya kuning'inizia yawekwe raba ikiwa imeegemea mbele kidogo gari likiwa baridi.

Masikio yawe kila sentimita 80 hadi 100, na sailensa ishikwe pande zote mbili. Uzito ubebwe na raba. Ukifungua bolti za flanji na bomba likaanguka au kuruka pembeni, basi flanji ndiyo ilikuwa inabeba, na hapo ndipo patakapopasuka. Na kabla hujafunga kiungo cha mwisho, jiulize bomba hili litatokaje siku likioza. Linalopita juu ya ekseli bila flanji karibu nalo halitatoka bila kushusha ekseli au kukata. Ndiyo maana orodha ina jozi mbili: moja mbele, moja kabla ya ekseli.

Kuchomelea kwa vijiti kwenye chuma cha milimita 1.5 kunawezekana, lakini usigonganishe ncha kwa ncha kama watu wa MIG, yaani mashine ya waya unaojisogeza wenyewe. Tumia kiungo cha kuvishana: kata kipande cha bomba pana kidogo, urefu wa milimita 50, ambacho ndani yake kinaingia bomba la inchi 2 bila kucheza, ukivishe juu ya ncha mbili, uchomelee kingo zake. Hapo una unene maradufu na kijiti hakitoboi. Ukinunua kona au sailensa zenye mdomo uliopanuliwa, kazi hiyo imeshafanyika. Bomba la upande wa injini ndilo liingie ndani ya la nyuma, ili gesi isigonge ukingo.

Weka ampea 40 hadi 55, kijiti kwenye hasi ikiwa mashine yako ni ya DC (umeme wa mkondo mmoja), maana hivyo moto hauzami sana kwenye bomba. Ukiwa chini ya gari shikiza tu kwa nukta nne zinazotazamana: juu, chini, kushoto, kulia. Baada ya kila kiungo rudi uangalie flanji na sailensa kama bado zimekaa sawa, kwa sababu nukta ya kwanza ikipoa huvuta bomba upande wake. Yote yakishakaa, fungua, toa nje, chomelea mezani mshono kwa mshono: sentimita mbili, ruka upande wa pili, sentimita mbili, pumzika. Flanji ichomelewe ikiwa imefungwa kwa bolti kwenye mwenzake au kwenye bamba nene, na ipoe humo humo. Ganda la weldingi ligongwe lote. Chini yake ndipo vitundu hujificha, na wengi hupaka rangi juu ya ganda, kisha baada ya wiki wanashangaa mlio wa kupuliza umetoka wapi.

Sasa mlio. Sailensa ya njia iliyonyooka huondoa makali na kuacha uzito, ndiyo unayoitaka. Adui ni ule mvumo unaojaa ndani ya gari kwenye mwendo mmoja wa safari. Injini ya silinda nne hutoa mapigo mawili kila mzunguko, hivyo kwa mizunguko 2,400 unapata mapigo 80 kwa sekunde, na sauti ya namna hiyo nyuzi za sailensa haziimezi vizuri. Rezoneta ya kati husaidia, ndiyo sababu nyingine ya kutoiondoa. Kama mvumo bado upo, unga pembeni bomba lililozibwa mwisho wake, lenye urefu wa robo ya wimbi. Sauti ndani ya gesi ya moto huko nyuma husafiri karibu mita 450 kwa sekunde. Gawanya kwa mara nne ya 80, unapata mita 1.4. Gesi iliyotuama humo hupoa, kwa hiyo urefu sahihi huwa pungufu kidogo. Anza na mrefu, mwisho uzibe kwa kifuniko cha klampu, na upunguze sentimita tano tano hadi mvumo ukatike. Ni bomba refu la kutafutia nafasi, hivyo lifikirie ukishaendesha gari na kusikia, si kabla.

Mdomo wa nyuma upite ukingo wa bodi, usiishie chini ya gari. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huingia kupitia matundu ya buti gari likisimama huku injini inawaka.

Kupima uvujaji, injini ikiwa baridi, ziba mdomo kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye mpira wa mashine ya kupulizia hewa, washa, halafu paka maji ya sabuni kila kiungo. Povu likitokea, saga na uchomelee upya. Kutia mshono juu ya mshono unaovuja hutega tundu chini yake. Uvujaji wa mbele ya sensa ndio mbaya zaidi, kwani hewa inayoingia humo huidanganya sensa kwamba mafuta ni machache, na injini inaongeza mafuta yasiyohitajika. Ndiyo maana ile sensa uliyoitoa kwa kupima presha irudishwe na grisi ya kuzuia kukwama kwenye nyuzi zake tu, isiguse ncha.

Toboa tundu la milimita 3 mahali pa chini kabisa pa sailensa. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na kwa safari fupi maji hayo hubaki ndani yakiila chuma. Paka rangi kila mshono, hasa kwenye bomba lililopakwa aluminiamu, maana pale ulipochomelea ule mpako umeshaungua.

Dakika chache za kwanza rangi itatoa moshi na harufu, achia injini iungurume nje hadi ikome. Kisha endesha, acha ipoe kabisa, na kaza bolti za flanji hadi niutoni mita 45. Rudia baada ya kilomita 100 hivi, gasketi ikiwa imeshalala. Hapo hapo tazama bomba lote kwa tochi: mahali rangi iliposuguliwa ikang'aa ndipo linapogusa, na sikio la karibu lipinde kidogo hadi vidole viwili vipite.